Mfagizi aliyeutilia shaka mstari wa pili

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Herminia Cáceres anafungua kufuli ya kabati la vifaa vya usafi na kuinama kukagua fundo. Kila anapotoka kazini huufunga uzi kwenye mpini mwekundu wa dekio lake, fundo la aina yake ambalo hajamfundisha mtu. Analigeuza kwenye mwanga wa korido, analinusa tambara, kisha anaunyoosha mgongo.

"Halijaguswa," anasema, na sauti yake ina masikitiko kidogo, kama mtu aliyetega mtego akaukuta mtupu.

Dekio la mpini wa bluu ni la maabara na korido. Jekundu ni la wodi ya watoto njiti peke yake. Mwaka jana walisema aliyachanganya. Tangu siku hiyo kufuli ni yake, aliinunua mwenyewe, na ufunguo anauning'iniza shingoni pamoja na medali ya Bikira.

Ndani ya wodi kuna watoto watano asubuhi hii, kila mmoja kwenye mashine yake ya joto. Herminia anaanzia dirishani na kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, bila kukanyaga alipolowesha. Anapita chini ya mashine, mkono ukiwa karibu kabisa na kioo. Hawagusi watoto. Ndiyo sheria ya wafanya usafi, na kwa miaka kumi na mmoja hajaivunja hata siku moja.

"Unaandika nini hapo?" anamuuliza mwandishi ghafla, bila kugeuka. "Nisomee." Akisomewa, anatikisa kichwa. "Ongeza kwamba nimevaa glavu."

Ana miaka hamsini na mitatu. Hapa Paso Guembé, kilomita nyingi za vumbi jekundu kutoka mji mkuu, Asunción, wanamwita Ña Herminia, kama anavyoitwa mama yeyote wa makamo anayeheshimiwa. Kwa siku kadhaa mwaka jana walipunguza heshima hiyo, wakawa wanamwita "yule". Yule aliyewaletea watoto ugonjwa.

Mshahara wake ni guaraní milioni mbili na laki moja kwa mwezi, kwa mkataba unaoandikwa upya kila baada ya miezi mitatu. Kwa mkataba wa aina hiyo mtu hafukuzwi. Karatasi mpya haiji, basi. Ndiyo maana jina lake likichafuka, Herminia hana kingine cha kujishikiza.

Yote yalianza Julai, wiki ya baridi ile inayoingia hadi mifupani, wakati watoto wa mji mzima hukohoa kama mbuzi. Hospitali ilikuwa imepokea maboksi ya vipimo vipya vya haraka vya kirusi cha kifua. Unachukua makamasi kwa kijiti cha pamba, unayachanganya na maji ya kichupa, unadondosha matone matatu kwenye kipande cha plastiki chenye kidirisha. Mstari mmoja, mtu yuko salama. Mistari miwili, anao ugonjwa.

"Kitu kinachokuja kwenye boksi zuri namna ile, mimi sikiamini," anasema Herminia. "Boksi lilikuwa zuri kuliko jengo."

Jumatatu ya wiki hiyo alikohoa akiwa korido. Anakumbuka idadi. "Mara mbili. Na moja ilikuwa ya klorini."

Jumatano mtoto mmoja njiti akapiga chafya. Daktari wa zamu akaagiza wote wanane wapimwe. Mchana ukaingia na habari kwamba sita kati ya wanane wana mistari miwili. Kwa mtoto wa kilo moja na nusu kirusi hicho ni jambo la kufa na kupona, na hakuna aliyesubiri kuuliza mara mbili. Mlangoni ikabandikwa karatasi ya herufi kubwa: MLIPUKO WA UGONJWA, HAKUNA KUINGIA.

Mama waliokuwa wamekaa na watoto wao kifuani, ngozi kwa ngozi, waliambiwa wawarudishe kwenye mashine na kutoka. Maziwa wakawa wanakamua na kuyapitisha kwenye kidirisha cha duka la dawa, wenyewe wakibaki korido na baridi yao.

Mmoja wao alikuwa Liz Mariela Benítez, binti wa miaka kumi na tisa kutoka makazi ya wakulima wa pamba. Mwanawe, Fiorella, alikuwa na gramu elfu moja na mia sita siku mlango ulipofungwa. Alikuwa ameanza kuongezeka kifuani mwa mama yake. Kwenye mashine akaanza kupungua.

Kilichofuata ni kutafuta aliyeuingiza. Hospitali nzima iliingiwa na macho ya pembeni. Wauguzi wakahesabu nani alipiga chafya lini, wapishi wakamtaja dereva, dereva akawataja wapishi. Halafu mtu mmoja, na hadi leo Herminia anakisia ni nani, akakumbuka kikohozi cha Jumatatu. Nani anafagia maabara kisha anaingia wodini? Nani anapita kote?

Alhamisi wakampima yeye pia. Mistari miwili.

"Niliitazama ile plastiki nikajisikia nimefumaniwa," anasema. "Mwili wangu mwenyewe umenishtaki. Nilikuwa sina homa, sina mafua, nilikuwa nimekula mihogo na mayai asubuhi nikashiba. Lakini utabishana vipi na mstari?"

Alirudishwa nyumbani bila malipo mpaka uamuzi utoke. Getini Liz Mariela alimsubiri, macho yamevimba, kanga ya mtoto ameishika mkononi haina mtoto. Herminia anayakumbuka maneno yake yote.

"Ña, mimi sina nguvu ya kupigana na wewe. Ila mwanangu akifa, nyumba yako naijua."

"Nilimpita," anasema Herminia. "Angekuwa binti yangu na asiseme hivyo, ningempiga kofi."

Mtaani mambo yakawa yale yale kwa njia nyingine. Jirani aliyekuwa akimpitishia chipa za moto juu ya uzio, mikate midogo ya wanga wa muhogo na jibini, alimwita mjukuu wake ndani kila Herminia alipotoka kuanika nguo. Alipoulizwa, alijibu kwa upole uliouma zaidi ya tusi: "Hospitali haiwezi kumsimamisha mtu bure, Ña Herminia. Utanisamehe."

Mtu mwingine angejifungia akalia. Herminia alilia siku moja, kisha akaanza kushuku. Ndivyo alivyo. Sukari ya dukani huipima upya nyumbani. Padre akitangaza sadaka, yeye huangalia viatu vya padre. Ni tabia iliyomkosesha marafiki wengi, na wanawe wawili walioko Asunción humtania kwamba hata pasipoti ya malaika ataiomba. Safari hii tabia hiyo ilipata kazi ya maana.

Kwanza alimshuku Derlis Amarilla, fundi wa maabara, kijana mpole mwenye nywele za kupaka mafuta. Alikuwa na sababu. Ijumaa moja kabla ya mlipuko, mlinzi wa geti, Don Anastacio, alipimwa kwa sababu ya mafua. Herminia alikuwa anafuta madirisha ya maabara na aliyaona yote. Matone yalidondoshwa saa tatu kasoro dakika ishirini, na kabla ya saa tatu Derlis alimwambia mzee: "Uko safi, Don. Rudi getini." Saa nane mchana Herminia alipomwaga pipa la maabara, kipimo kilichoandikwa jina la Anastacio kwa kalamu kilikuwa na mistari miwili.

Alinyamaza. Alidhani Derlis anamficha mzee, kwa kuwa wote ni wa kijiwe kimoja cha tereré, kinywaji baridi cha majani.

Kijiwe hicho kina heshima zake. Saa nne kamili asubuhi, jua liwake au mvua inyeshe, hospitali hupumua. Mtungi wa maji ya barafu na majani ya dawa hutolewa, kikombe cha pembe hujazwa yerba, majani makavu yaliyosagwa, na Don Anastacio humimina na kumpitishia kila mmoja kwa zamu, mrija mmoja wa chuma kwa midomo yote. Fundi, dereva, mpishi, hata daktari. Mgonjwa aliyezidiwa tu ndiye anayeweza kukatisha tereré ya saa nne, na hata yeye atatazamwa.

Siku ya tano ya kusimamishwa, Herminia aliitwa arudishe funguo za stoo. Alifika getini saa nne na dakika chache. Kijiwe kilikuwa kimekaa. Don Anastacio alimimina, akampa dereva. Akamimina, akampa mpishi. Herminia alikuwa amesimama kati ya mpishi na ukuta, mahali ambapo kwa miaka kumi na mmoja kikombe kilimfikia. Mzee alimimina, akasita, akaunyoosha mkono ukampita, akampa mtu wa upande wa pili.

"Usinione vibaya, Ña," alisema, akitazama chini. "Kuna watoto."

"Nilitaka ardhi inimeze," anasema Herminia. Anaacha kudeki anaposema hivyo. "Nilitamani kumwagia mtungi wote kichwani. Halafu nikaangalia ule mrija."

Aliangalia mrija ukitoka mdomo mmoja kwenda mwingine, na hesabu ikaanza kujipanga kichwani. Mzee huyu, kwa mujibu wa pipa, alikuwa na mistari miwili. Siku kumi zilikuwa zimepita. Siku zote hizo amemimina na kuonja wa kwanza, kama desturi inavyotaka, kisha akawapa watu tisa mrija ule ule wenye mate yake. Herminia akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyevuta hata kamasi.

Basi Derlis hakuficha kitu. Mzee alikuwa safi saa tatu, na mstari wa pili ulikuja baadaye, wenyewe, ndani ya pipa.

Muuguzi mkuu, Zunilda Ojeda, wanayemwita licenciada kwa kuwa ana shahada, alitoka kupokea funguo. Ni mwanamke mkavu wa maneno, na mazungumzo yao wote wawili wanayakumbuka sawasawa, jambo ambalo Herminia anaona linastahili kuandikwa.

"Licenciada, wangapi wanakohoa?"

"Ña Herminia, hayo si ya getini."

"Nijibu tu, funguo si unazo. Wangapi?"

Zunilda alizitia funguo mfukoni. "Hakuna."

"Homa?"

"Hakuna."

"Maziwa wanamaliza?"

"Wanamaliza."

"Sasa huo ni ugonjwa gani wenye adabu namna hiyo? Siku tano umekaa kwenye kifua cha mtoto wa kilo moja na nusu, hata kwa kikohozi kimoja haujabisha hodi?"

Zunilda anasema hilo swali lilikuwa likimsumbua naye, ila hakuwa na ujasiri wa kuliuliza kwa sauti. "Ukishatangaza mlipuko, anayeuliza anaonekana anataka watoto wafe," anasema.

Herminia hakumwachia. "Matone ya watoto yalidondoshwa saa ngapi?"

"Saa nne kasorobo. Nilikuwepo."

"Na Derlis akasoma saa ngapi?"

"Majibu yalinifikia karibu saa tano. Alisema ametoka kuyasoma sasa hivi, maana kabla yake alikuwa..."

Wote wawili waligeuka kutazama kijiwe. Derlis alikuwa amekaa kwenye kreti la chupa, mrija mdomoni, anacheka kitu alichosema dereva.

Herminia alikumbuka hapo hapo na kipimo chake mwenyewe. Saa nne kasoro dakika tano walimpaka kijiti puani. Na yeye alikaa kwenye benchi karibu saa nzima akisubiri kuhukumiwa, huku vicheko vikisikika uani.

Dawa ya ubishi ilikuwa rahisi, na ni yeye aliyeitoa. Wachukue vipimo vitatu vipya, wasitie makamasi ya mtu yeyote, watie maji ya kichupa peke yake. Wakae navyo. Zunilda alivuta kiti cha maabara, akavua saa yake ya mkononi akaiweka mezani, akamwita Derlis asimame pale pale. Herminia hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo alitazama kupitia dirisha alilokuwa akilifuta yeye mwenyewe kila Ijumaa.

Dakika ya kumi na tano, vyote vitatu vilikuwa na mstari mmoja.

Dakika ya thelathini, bado.

Dakika ya arobaini, kimoja kilianza kupata kivuli cha rangi ya waridi mahali pa mstari wa pili. Ilipofika dakika ya hamsini vilikuwa viwili. Maji matupu yalikuwa yamepata kirusi cha kifua.

"Nilimwona Derlis anakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti," anasema Herminia. Kiti hakikuwepo.

Derlis hajikwepeshi. Anaongea taratibu, mikono kwenye mifuko ya koti. "Karatasi ya maelekezo ilisema dakika kumi na tano, na usisome baada ya ishirini. Mimi nilishika ile kumi na tano. Ile ishirini sikuizingatia. Nikajiambia, nikichelewa ugonjwa hautakimbia. Nilidhani ni kama yerba, ikikaa zaidi ndiyo inakolea." Anatoa mkono mmoja na kufunga kifungo cha koti. "Sikukosa tereré siku hata moja. Kosa langu ni hilo tu."

Sampuli mpya za watoto wote wanane na za Herminia zilipelekwa Asunción kwenye boksi la barafu. Majibu yalirudi siku ya kumi na moja. Wote walikuwa safi. Hakukuwa na mlipuko, na hakukuwa na aliyeuleta.

Mlango ulifunguliwa mchana huo. Fiorella alikuwa ameshuka hadi gramu elfu moja na mia nne na tisini. Liz Mariela alifungua vifungo vya blauzi kabla hajafika kwenye mashine.

Herminia alirudi kazini Jumatatu. Mkurugenzi alimwita ofisini, akamshika mkono, akasema hospitali inasikitika. Karatasi ya mlipuko ilikuwa bado mlangoni, imebandikwa kwa gundi nyingi, na kazi ya kuiondoa ikawa ya mfagizi. Aliikwangua kwa kisu cha jikoni nusu saa nzima.

"Niliposhtakiwa waliandika," anasema. "Nilipokuwa safi walinishika mkono. Mkono haubandikwi mlangoni." Ameomba barua mara tatu. Ameahidiwa mara tatu. Majibu ya Asunción ameyatolea nakala na huyaweka kwenye mkoba, na jirani wa chipa amekwisha kuonyeshwa, mbele na nyuma.

Maabara sasa ina saa ya jikoni yenye umbo la kuku. Zunilda aliinunua sokoni. Matone yakidondoshwa, kuku anazungushwa, na hakuna anayetoka kwenda kijiweni hadi kuku alie. Siku nyingine tereré inaanza saa nne na robo, na Don Anastacio hunung'unika. Kikombe kinamfikia Herminia kama zamani. Hukipokea, lakini hukitazama kwanza, na mzee huyaona macho hayo.

"Anafanya makusudi," anasema Don Anastacio.

"Nafanya makusudi," anasema Herminia.

Kila saa nane mchana bado anavikagua vipimo kabla ya kumwaga pipa. Vingi anavikuta vina mistari miwili ya kuchelewa, na anavifunga kwenye mfuko.

Mwezi uliopita Liz Mariela alikuja wodini na Fiorella mgongoni, mtoto mnene sasa, ana meno mawili na anang'ata kila kitu. Hakuja kliniki. Alikuja kumwomba Herminia awe mama wa ubatizo.

Herminia aliweka ndoo chini. Jambo la kwanza lililomjia halikuwa furaha. "Nilimuuliza, mwanangu, unaniomba au unanilipa? Maana kama ni kunilipa yale ya getini, chukua mtoto wako uende, hatudaiani."

Liz Mariela anasema alikwishajua ataulizwa. "Nikamwambia, Ña, silipi. Watu wote hapa waliambiwa mwanangu anaumwa na wakakubali. Hata mimi mama yake nilikubali. Siku nikiwa sipo, nataka awe na mtu asiyekubali haraka."

Herminia aliomba siku mbili za kufikiri. Alizitumia zote mbili, kisha akasema ndiyo.

Ubatizo ni Jumapili ya tatu ya mwezi ujao. Kitambaa cheupe amekwisha kununua, na amekipima upya nyumbani akakuta kimepungua sentimita nne. Zunilda alimwambia aje ajizoeze na mmoja wa watoto wa wodini, asije akatetemeka mbele ya padre. Alikataa. Sheria ni sheria, na kuna watu wanasubiri akosee.

"Miaka kumi na mmoja nimefagia chini yao," anasema, akilifunga fundo lake kwenye mpini mwekundu. "Sijui hata mtoto wa huku ana uzito gani mkononi. Kanisa litakuwa limejaa. Wa kijiweni watakuwepo, jirani wa chipa atakuwepo, na wote watakuwa wananiangalia mikono. Nitanawa hadi viwikoni, hapo mlangoni, waone. Halafu nitampokea, nimshike, pua yake shingoni mwangu. Na anayetaka kukohoa akohoe."